Havijabadilika

Tuseme ukweli mapema: siku ile mjinga alikuwa fundi wa lifti. Saa saba mchana, ukumbi wa chini umefurika watu wenye njaa, naye kajibanza mlangoni na ovaroli lake la bluu, mara akagongana na mpenzi wake aliyekuwa akishuka ngazi mbio, koti jeupe likipepea, miwani kichwani.

“Mpenzi, havijabadilika!”

Bibie alikuwa mtafiti katika maabara ya ghorofa ya tisa. Mwaka mzima alikuza virusi vilivyodhoofishwa, vya kutengenezea chanjo. Anavitia kwenye chupa ya seli, vikijaa anavihamishia nyingine, tena na tena, kisha anasoma jeni zake na kuzilinganisha na za mwanzo. Vikigeuka njiani huenda vikarudia ukali wake, na kazi yote ni ya kumwaga. Leo majibu yametoka.

“Kwa hiyo mwaka mzima umekesha,” fundi akasema kwa sauti, “halafu hakuna kilichotokea?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibie akashusha miwani taratibu.

“Asante, fundi.”

Fundi! Si mpenzi, si baba watoto wa kesho. Bibie akarudi juu kwa ngazi, lifti ikimwangalia.

Simu za fundi hazikupokelewa. Jioni dada yake alipopata habari, alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

“Na wewe kaka, kazi yako si watu wafike na pasitokee kitu? Mbona hapo unatembea kifua mbele?”

Asubuhi fundi akapanda ghorofa zote tisa kwa miguu, shati limepigwa pasi, jasho limeliharibu. Bibie akafungua mlango wa maabara.

“Lifti imeharibika?”

“Lifti nzima. Mbovu ni mimi.” Akatweta. “Jana ulistahili makofi, nikakuletea kicheko. Watu watachanjwa bila hofu kwa sababu ya mikono yako. Najivunia wewe mpaka shingo inauma. Nisamehe. Nataka tuoane.”

“Uoane na mtu wa hakuna-kilichotokea? Kesho ukipata watu wa kuwachekesha, si utageuka tena?”

“Sigeuki, naapa! Haki ya mama, naapa!”

Bibie akavua glavu, tabasamu likimponyoka.

“Virusi vyangu havikuniapia, mpenzi. Nilivipima. Jumapili twende kwa mama yangu, vipimo vianze.”