Kivuli cha Jumatano

Mastura alikuwa akifika shuleni kabla ya wenzake wote. Hakuwahi kwa kupenda masomo, aliwahi ili achague pa kukaa. Alipapenda nyuma, karibu na dirisha, na akiwa pale ndipo alipoliongoza darasa la tano B kwa fujo. Shule yao ilikuwa Pontianak, mji wa Indonesia ulio juu ya mstari wa ikweta, ng'ambo ya mto Kapuas. Mwalimu wao mpya aliitwa Bu Vero, yaani Mama Vero, msichana mwembamba aliyetoka mji wa Sintang mwezi wa Julai na madaftari mengi na sauti ndogo.

“Watoto, naomba utulivu!” Bu Vero alikuwa akisema.

“Watoto, naomba utuliiivu!” Mastura aliitikia kila mara kwa sauti ile ile nyembamba, na watoto thelathini na sita wakaangua kicheko.

Kufikia Septemba, mwalimu alikuwa amekauka koo. Fununu zikaenea kwamba mwalimu mkuu, Pak Syaiful, angekuja kukaa darasani kwao aone kama Bu Vero anaimudu kazi. Akishindwa, atahamishwa.

“Tura, umemmaliza mama wa watu,” alisema Akiong, mtoto wa muuza tambi, aliyekaa dawati moja naye.

“Mimi? Koo lake, mimi linanihusu nini?”

Jumatatu iliyofuata Bu Vero hakupaza sauti. Aliingia amekumbatia kopo la saruji lililosimikwa fimbo ya mita moja, akalitua mezani, akangoja. Watoto walipiga kelele, wakachoka, kisha udadisi ukawashinda.

“Bu, hiyo ni ya kutuchapia?” aliuliza Akiong.

“Hii haichapi mtu. Twendeni nje.”

Akaisimamisha fimbo katikati ya uwanja. Kila siku, alisema, kabla tu ya saa sita mchana, kivuli chake kikiwa kifupi kabisa, kundi moja litakipima. Kisha darasa litatia nukta kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, nukta moja kila siku. “Na daftari la vipimo atalishika Mastura.”

“Mimi, Bu?”

“Wewe. Sauti yako inafika mbali. Utatutangazia namba.”

Darasa lilicheka, lakini mara hii Mastura hakujua acheke nao au anune.

Siku ya kwanza alitangaza milimita themanini. Ya pili, sabini na tatu. Halafu sitini na saba, sitini, hamsini na nne, arobaini na saba. Jumapili hakukuwa na shule. Jumatatu kivuli kilikuwa thelathini na tatu, na Jumanne ishirini na saba. Nukta ziliteremka ukutani kama ngazi, na watoto waliokuwa wakirushiana chaki sasa waligombania zamu ya kupima. Bu Vero alikuwa akisema kwa sauti yake ile ile ndogo, na alisikika.

Jumatano Bu Vero aliitwa ofisini. “Mastura, kundi lako lina zamu. Nakuamini,” alisema, akaondoka.

Mastura aliwaambia wenzake, “Nendeni mkacheze, nitapima mwenyewe.” Lakini nje ya uzio alikuwa amesimama muuza barafu ya kukwangua, ile yenye sharubati nyekundu, na foleni ilikuwa ndefu. Alipokumbuka fimbo, kivuli kilikwisha kugeukia upande wa pili na kuanza kurefuka. Alitazama huku na huku. Akaandika kumi na mbili. Nani angejua?

Kesho yake Pak Syaiful aliingia na kiti chake, akakaa nyuma, kalamu mkononi. Akiong na kundi lake walirudi kutoka uwanjani.

“Kumi na tatu!” alisema Akiong akihema.

Bu Vero alitia nukta. Darasa likakodoa macho, kisha likalipuka.

“Kivuli kimeongezeka!”

“Kinaongezekaje? Akiong kapima vibaya!”

“Wee, kapime tambi zenu huko!”

“Tulipima mara tatu!” Akiong alisema. “Haki ya Mungu, mara tatu!”

Hofu ya siku zote ilimrudia Bu Vero. Aliwatazama, akaitazama karatasi, hakuona kosa liko wapi. Pak Syaiful aliandika kitu. Mastura aliiona kalamu ile ikitembea.

Akasimama. “Bu, Akiong hajakosea. Ya jana ndiyo ya uongo. Sikupima. Nilikwenda kununua barafu.”

Mastura alingoja kufokewa.

“Jumapili hatukupima,” Bu Vero alisema taratibu. “Tulifanyaje?”

“Tulipaacha wazi, Bu.”

“Kuna aliyedhurika?”

“Hakuna.”

“Basi njoo uifute.”

Mastura aliifuta nukta ya Jumatano mbele ya wote, masikio yakimwaka moto. Kisha Bu Vero akampa uzi, Akiong akashika ncha ya pili, wakaunyoosha juu ya nukta zilizobaki. Zote zililala chini ya uzi. Uzi ulipita juu ya Jumatano iliyo wazi, ukateremka kwenye Ijumaa, na Jumamosi ukagusa mstari wa chini kabisa.

“Sifuri,” alinong'ona Akiong. “Bu, Jumamosi hakuna kivuli?”

Kila mtoto wa Pontianak alikuwa amesikia kwamba jua hupita juu ya utosi wa mji wao mara mbili kwa mwaka. Waliisikia kama habari za sherehe za wakubwa. Lakini hii walikuwa wameikuta wenyewe, kwa rula na uzi.

Jumamosi mawingu yalitanda tangu alfajiri. Waliizunguka fimbo, watoto wote na Pak Syaiful, wakingoja. Mastura alipiga magoti mavumbini. Kisha wingu likapasuka, mwanga ukamwagika, na uzi mwembamba wa kivuli ukaonekana mguuni mwa fimbo. Ukafupika. Ukafupika tena. Ukaingia ndani ya fimbo ukapotea.

Hakuna aliyesema neno. Fimbo ilisimama juani kama kitu cha ndotoni, na watoto walipojitazama waliona vivuli vyao vimejikunyata chini ya nyayo zao. Mastura alisahau kufumba kinywa. Jua, lililo mbali namna ile, lilikuwa limefika pale pale uzi wao uliposema litafika.

Pak Syaiful alivua kofia. “Bu Vero,” alisema polepole, “darasa hili sijawahi kulisikia kimya hivi. Wala hukuomba utulivu.”

Bu Vero alicheka, machozi yakimlengalenga. Akamgeukia Mastura. “Umeona? Nukta moja ya uongo ilitosha kutufichia hili, na kumtia mwenzako aibu. Ukikosa kupima, sema hukupima. Pengo tunaweza kulivuka. Uongo unatupotezea njia sote.”

“Nimeelewa, Bu.” Mastura alimtazama Akiong. “Nisamehe.”

“Andika kwanza,” alisema Akiong. “Jua halikungoji.”

Mastura akaweka rula chini ya fimbo, akahakikisha mara tatu, kisha akainuka na kutangaza kwa sauti iliyofika hadi mtoni: “Sifuri!”