Lijamu Kavu

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta, wala hakusingiziwa. Pale kwenye kiwanda cha matofali walimbatiza Inspekta Pasi, maana hata soksi zake zilikuwa na mstari wa pasi. Kabla ya saa sita mchana Pasi huyo alikuwa ameshamtia pingu asiyehusika na kumpa pole muuaji.

Dereva wa gari la farasi alikutwa saa nne chini ya mteremko, gari limegota ukuta wa geti na shehena ya matofali imemfukia. Wapakiaji waliomfukua walisema alivuta pumzi chache mbele yao, kisha basi. Farasi, jike jeusi, alikuwa amefungwa nguzoni, jasho limemkaukia mabaka meupe.

Pasi aliziba pua kwa leso, akaokota mikanda ya farasi kwa ncha za vidole. Yote ilikuwa imelowa, inateleza, inanuka. Kitu kimoja tu hakikumtia kinyaa: hatamu ya kichwani, yenye vibao vya ngozi vya kuziba macho pembeni. Lijamu yake, kile chuma cha mdomoni, ilikuwa kavu na safi kama kijiko cha kabatini.

“Angalau hiki kinashikika,” alisema.

Aliyekutwa na hatamu hiyo mkononi alikuwa shemeji wa marehemu, mpakiaji pale pale. Alikuwa akilia, kamasi zimemfika kidevuni, na hazifuti.

“Saa nne ulikuwa wapi?”

“Hapa getini, afande. Shemeji alikuwa peke yake kule juu kwenye tanuri. Nikashtukia gari linashuka kama limerogwa.”

“Ukafanya nini?”

“Nikakimbia! Farasi alikuwa angali ndani ya gari, anatetemeka. Nikamvua hatamu kwanza ili apumue, ndipo nikamfungua na kumtoa. Ila, afande…” Alipenga kamasi kwa kiganja, akafuta kwenye suruali. “Ule mkanda wa matakoni, unaozuia gari lisimsukume farasi mteremkoni, niliukuta unaning’inia. Hakuna aliyeufunga. Na anayemfunga farasi kila asubuhi ni mpwa wangu. Roho inaniuma kumtaja.”

“Pole, mzee. Umefanya la kiungwana.”

Mpwa huyo, binti wa marehemu, hakulia. Alitazama pingu tu.

“Mkanda niliufunga, afande. Pande zote mbili.”

“Kila mtu hufunga vizuri akishafungwa yeye,” alisema Pasi, akacheka peke yake.

Meneja wa kiwanda akaamuru farasi apigwe risasi jioni, kwa kuwa ameua. Hapo ndipo binti alipopandisha sauti.

“Nipelekeni mnakotaka, lakini huyo mwacheni! Baba alimlea tangu akiwa mtoto!”

Pasi, kwa kupenda kazi iliyonyooka, alitaka kwanza aone kila hatua. Akamfungua binti pingu, akamwamuru amfunge farasi kwenye gari tupu ndani ya ua, kwa hatamu ya akiba. Binti alifunga. Kisha Pasi akasogea kumfungua yeye mwenyewe, kwa mpangilio ule ule wa mpakiaji.

“Afande, usianze na ha—”

“Nyamaza. Mimi ndiye mpelelezi.”

Akavua hatamu. Farasi akageuza jicho, akaona magurudumu nyuma yake, na dunia ikamwishia. Aliruka na gari lake, akazunguka ua mara mbili, akabomoa choo cha wafanyakazi, mtu mzima mmoja akatoka humo anakimbia huku ameshika suruali. Hakukuwa na cha kumzuia, maana lijamu haikuwa mdomoni. Gari liliponasa kwenye uzio ndipo binti akamfikia na kumtuliza.

Inspekta Pasi alikuwa kifudifudi kwenye lundo la samadi mbichi.

Hakuinuka mara moja. Mkononi alikuwa angali ameshika ile hatamu, na lijamu yake ilimdondoshea ute wa kijani kwenye kola: povu, mate, majani yaliyotafunwa nusu. Farasi alikuwa ameivaa kwa muda wa kufunga mikanda tu. Akaitazama tena, na safari hii hakuziba pua.

“Hii imevaliwa kitambo kidogo, tazama uchafu wake,” alisema. “Ile ya asubuhi eti ilishuka mteremko wote mdomoni mwa farasi mwenye wazimu, ikafika kavu?”

Akaenda ofisini hivyo hivyo, ananuka. Mpakiaji alikuwa akinywa chai ya meneja, amechovya mkate.

“Hukuwa getini,” Pasi alimwambia. “Ulikuwa juu, kwenye tanuri. Shemeji yako alipopanda kitini na kushika kamba, wewe ulichomoa kamba kwenye lijamu, ukamvua farasi hatamu na kuificha ndani ya shati, mate yakafutikia huko. Akabaki ameshika kamba zisizofika mdomoni mwa mnyama. Ungeivua huku chini, farasi angali garini, angekufanya alivyonifanya mimi. Nitazame!”

Mpakiaji alimtazama. Mkate ukadondoka kikombeni.

“Alininyima kiti cha udereva,” alisema hatimaye. “Mbele ya wapakiaji wote! Ati nampiga farasi usoni, sitashika kamba maadamu yeye yu hai. Nilitaka farasi amshinde, watu wamcheke. Aaibike tu.”

“Na mkanda wa matakoni?”

“Niliufungua baadaye.” Aliinamisha kichwa. “Ilibidi kuwe na sababu.”

“Sababu ikawa mtoto wa dada yako.”

Pasi alikuwa amekaa na wauaji wengi, akala nao. Huyu alimtia kichefuchefu kuliko samadi iliyokuwa shingoni mwake. Akamwelekeza askari alete pingu, na akamwita binti, ambaye alikuwa mlangoni amesikia yote.

Mpakiaji akamgeukia, machozi yameanza upya. “Mama, mimi ni mjomba wako! Muuaji angekimbilia kusaidia? Mimi ndiye niliyemfikia baba yako wa kwanza!”

“Baba alikuwa bado anapumua, mjomba,” alisema binti. “Wewe ukaanza na mkanda.”