Sufuria Atabeba Nani?

Walikutana saa ya chakula cha mchana, kantini ya hospitali ikiwa imefurika. Binti alikuwa mpishi, amesimama nyuma ya meza ya kugawia, kitambaa cheupe kichwani, mashavu yanang'aa kwa mvuke. Fundi wa lifti akanyoosha sahani, ovaroli lake la bluu limejaa grisi.

"Dada, mbona mchuzi umeipitia sahani yangu kwa mbali?"

"Foleni ndefu, kaka. Utaongezea maji."

Fundi alicheka mpaka walio nyuma wakalalamika. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Akaanza kumwita "mpishi wangu", na binti akalipenda jina hilo.

Kwa hiyo aliposema, "Mpishi wangu, chukua likizo twende pwani, mimi na wewe," binti alinunua gauni la njano lenye mgongo wazi, akalitundika mlangoni ili alione kila akiamka. Tangu aajiriwe hajawahi kwenda mahali ambapo hakuna kitunguu kinachomsubiri.

Siku moja kabla ya safari, akilipiga pasi gauni hilo, simu ikaita. Alikuwa rafiki wa fundi.

"Shemeji! Sufuria kubwa utabeba wewe, au tutafute hukohuko?"

"Sufuria ya nini?"

"Ya kutupikia! Si tuko wanane? Jamaa ametusifia mkono wako, ndiyo maana tumekodi nyumba yenye jiko."

Alizima pasi. Akampigia fundi.

"Kumbe unanipeleka pwani kupika?"

"Mpishi wangu, nilikusifia tu. Wakafurahi, nikaona haya kuwakatalia."

"Wao ukawaonea haya, mimi ukanigawa! Nyinyi muogelee, mimi nikoroge! Na usiniite mpishi wako. Upishi ni kazi, nalipwa mshahara. Kwako wewe mimi ni nani?"

Akakata. Simu iliita jioni nzima, hakuigusa.

Asubuhi hakusafiri; alikwenda kazini. Mchana, katikati ya foleni, akamwona fundi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja.

"Sahani yako iko wapi?" aliuliza kwa ukali.

"Sikuja kula. Nimewaambia waende bila sisi. Wamenuna, na wanune. Nimepata chumba kingine, cha watu wawili. Hakina jiko. Nimeuliza mara mbili. Hata birika hawaruhusu."

"Na njaa ikiuma?"

"Tutakaa, tutaagiza, tutaletewa. Zamu yako kulalamikia mchuzi."

"Msamehe, dada, wali unapoa!" muuguzi mmoja akapaza sauti.

"Anayetaka wali anyamaze!" Akamgeukia fundi. "Bado nina hasira."

"Najua, mpenzi."

"Nitakuja nazo mpaka huko pwani."

"Njoo nazo. Nafasi ipo, maana sufuria inabaki."

Binti hakutabasamu. Alichukua sahani safi, akapakua wali, akamwaga mchuzi mpaka ukingoni, akaisukuma mbele yake.

"Kula," alisema. "Ukimaliza, uioshe mwenyewe."