Vikinga Mikono vya Pikipiki ya Theopista

Mwaka 1979, katika kijiji kimoja karibu na Ushirombo, aliishi mkulima wa pamba aliyeitwa Kalisti. Yeye alikuwa na baiskeli. Mkewe, Theopista, alikuwa na pikipiki. Jambo hilo liliwachekesha wanakijiji, lakini Kalisti lilimpa raha. Theopista alikuwa nesi wa zahanati, na pikipiki alipewa kwa kazi ya kuchanja watoto vijijini. Kila asubuhi Kalisti aliifuta vumbi, akafunga sanduku la chanjo nyuma, kisha akasimama njiani mpaka mlio wake upotee.

Masika yalipoanza, raha ilipungua. Mbele ya usukani palikuwa na vibao viwili vidogo vya plastiki vya kukinga mikono. Kimoja kilikuwa kimepasuka, na vyote viwili havikufunika vidole. Siku moja Theopista alirudi amelowa, akashindwa hata kufungua mkanda wa sanduku. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alimweleza mumewe kwamba mbuzi alikatiza njia, naye akachelewa kushika breki kwa sababu hakuisikia mkononi. Mbuzi alipona kwa bahati.

"Mvua ikiendelea hivi, nitaacha kwenda vijiji vya mbali," alisema. "Na surua haingoji kiangazi, Baba Kamili."

Maneno hayo yalimchoma Kalisti. Kesho yake alikata gunia vipande viwili, akavishona kama mifuko kwenye ncha za usukani, ili mikono ya mkewe ikae ndani. Alijiona fundi kweli. Theopista alimshukuru, akaondoka mvua ikinyesha. Hakufika mbali. Gunia lilinyonya maji, likawa zito, upepo ukalisukuma, likakandamiza breki ya mbele. Pikipiki iliteleza, na nesi akatua katika matuta ya viazi ya jirani. Hakuumia. Alipomwona mumewe anakuja mbio, alianza kucheka palepale kwenye matope. Kalisti hakucheka.

Waliisukuma pikipiki mpaka kwa Scolastika, mama aliyejifunza ufundi wa magari akiwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Scolastika alilitazama lile gunia, akaguna, akalikata. Kisha akawaeleza taratibu. Mkono ukilowa na kupigwa na upepo, alisema, joto hutoka upesi na vidole hufa ganzi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuukata upepo na kumwaga maji pembeni.

"Lakini kumbukeni hili," alisema. "Kikinga kisiguse breki wala klachi hata kidogo. Kikigusa, ni hatari kuliko mvua."

Aliuliza kama wana dumu la plastiki lililopasuka. Kalisti alikimbia nyumbani kulileta. Scolastika alilikata vipande viwili vipana kuliko vile vibao vya zamani, akavilainisha kwa maji ya moto, akavikunja vikapinda kama kiganja. Kingo alizisugua kwa msasa zisikate mtu. Kila kipande alikifunga juu ya chuma bapa, na chuma hicho akakikaza kwenye usukani mahali pawili, kisizunguke. Chini alining'iniza kipande kifupi cha tyubu ya gari ili maji yachuruzike nje.

Kisha alimwambia Kalisti apime mwenyewe. Kalisti aliminya breki, akaminya klachi. Kati ya vidole na kikinga palibaki nafasi. Aligeuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, akiangalia kama kuna waya unaovutwa. Alizungusha mpini wa mafuta, akauachia. Ulirudi wenyewe. Theopista aliendesha polepole uani mizunguko mitatu, ndipo Scolastika akaridhika. Aliwaonya wakaze skrubu kila wiki, maana barabara ya mashimo huzilegeza.

Jumamosi iliyofuata mvua ilishuka tangu alfajiri. Theopista alivaa koti la mvua, Kalisti naye akavaa lake, akapanda nyuma ya mkewe. Alitaka kuona kwa macho yake. Walipita madimbwi na madaraja ya magogo, na Theopista akashika breki kila mahali ilipotakiwa, bila kuchelewa. Walipofika kijiji cha mwisho, uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Lakini mlio wa pikipiki uliposikika, milango ilifunguka. Akina mama walitoka mmoja mmoja, watoto wamefunikwa kanga na majani ya migomba.

"Mwangaluka, nesi," alisalimu kwa Kisukuma mama mmoja aliyeitwa Epifania. "Tulijua kwa mvua hii huji."

"Nimekuja, na vidole ninavyo vyote," Theopista alijibu. Alifungua sanduku kwa haraka chini ya paa la baraza ya shule, akaandaa sindano bila kutetemeka. Mpaka saa saba alikuwa amechanja watoto arobaini na wawili.

Watu walikuwa wengi, hivyo Epifania alimkabidhi Kalisti mtoto wake mnene amshike kidogo. Kalisti alivua koti, akampakata kwa furaha, akamwimbia. Mtoto alimtazama, akatabasamu, akamkojolea kifuani. Uwanja mzima ulicheka, na safari hii Kalisti alicheka kuliko wote. Jioni walipofika nyumbani, aliyekuwa amelowa alikuwa yeye peke yake.