Nyawira Si Wangu

"Soma tena," Mzee Mwai aliamuru. "Kwa sauti, wote wasikie."

Moffat alikohoa, akaiangalia simu mkononi.

"'Nyawira wangu, Jumamosi tutoke hapa. Nimepata nyumba Murang'a mjini.'"

Wanawake wakaguna. Nyawira akainamisha kichwa.

Kwa wafuasi wa Baba Tobia, neno moja lilitosha. Baba Tobia, mtawa wa ng'ambo aliyeandika maono yake katika karne ya kumi na tisa, alifundisha kwamba dhambi ya kwanza duniani ilikuwa mtu kusema "yangu". Ndiyo maana kwenye shamba lao karibu na Kiriaini walisema chai yetu, ng'ombe wetu, watoto wetu. Hata simu zilishikwa kwa zamu. Moffat alituma ujumbe akidhani simu ile iko na Nyawira, kumbe zamu yake ilikuwa imeisha asubuhi, na simu ikapelekwa kwa mzee.

"Ati wangu," Mzee Mwai alisema. "Kijana, ulimnunua soko gani?"

Watu wakacheka. Kisha akaeleza adhabu bila haraka. Moffat alikane neno lake hapo hapo, halafu aende mashamba ya mpunga Mwea mwaka mzima. Akikataa, aondoke leo pamoja na mama yake, Wangui, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka mitatu na ambaye wanawake hao hao walikuwa wakimwosha na kumlisha.

Nyawira alimtazama Moffat. Akaomba kimoyomoyo asimkane.

"Nyawira si wangu," Moffat akasema. "Ni wetu."

"Na wewe, binti?"

Nyawira hakuwa mtu wa kuongea mbele ya watu. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Mimi ni wake. Na yeye ni wangu. Siwezi kudanganya Mungu."

Mzee akamwonyesha mlango.

Moffat alimfikia langoni akihema.

"Ningefanya nini, Nyawira? Mathe, na kiharusi chake, angelala wapi?"

"Ungesema ukweli. Halafu tungembeba sisi wawili."

"Nielewe tu, tafadhali. Nikitoka Mwea nitakutafuta."

"Nimekuelewa, Moffat. Hiyo ndiyo inaniuma."

Akashuka barabara ya Kiriaini, miguu peku, bila mkoba. Moffat akamwangalia hadi akapotea kwenye kona. Kengele ya chakula ikalia. Akasimama kidogo, akageuka, akaenda kula.