Guka Ngigi Apimwa Macho

Kila Jumamosi wakati wa mavuno, Wangui na babu yake, Guka Ngigi, walichuma kahawa katika shamba lao dogo la Subukia. Guka alitangulia akiimba, akichuma mbivu na mbichi pamoja. Wangui alimfuata nyuma, akichagua zile za kijani na kuzitupa chini kimyakimya. Kikapu kilipojaa nyekundu tupu, Guka alijipiga kifua.

"Umeona, mke wangu? Kazi ya mzee haina doa!"

Alimwita hivyo kwa sababu Wangui alipewa jina la nyanya yake, aliyefariki miaka minne iliyopita.

Macho ya Guka yalikuwa yanafifia, lakini ukimsikiliza, lawama zote zilikuwa za wakubwa. Maandishi ya Biblia yalififia kwa sababu serikali ilibania wino. Taa ilikuwa hafifu kwa sababu stima nzuri ilipelekwa kwa mawaziri. Siku moja alimwamkia punda wa jirani, "Habari ya asubuhi, mwenyekiti?" Punda alinyamaza. Guka akawaka. "Mnaona? Tangu tumpigie kura kule ushirika wa kahawa, hajui kusalimia watu!"

Wangui alicheka hadi akashika mbavu. Jioni hiyo alimkuta Guka ameshika picha ya nyanya, akiigeuza huku na huku, akitafuta upande wa juu. Hakucheka tena.

"Usimwambie baba yako," Guka alisema. "Maina atanipeleka ghorofani kwake Nakuru, nianikwe kwenye roshani kama nguo iliyofuliwa."

Wangui aliahidi. Ahadi hiyo ilimlemea kuliko kikapu cha kahawa. Darasani, mwalimu akifundisha sehemu, yeye aliwaza: Guka amekikwepa kisima? Jiko amelizima?

Kisha kliniki ya macho ikaja katika kiwanda cha kahawa. Ilikuja siku moja tu kwa mwaka, na nusu ya siku hiyo ililiwa na hotuba. Wazee wote walipanga foleni, kwa hivyo Guka hakuwa na pa kujificha. Hotuba zikiendelea, alimtuma Wangui achungulie dirishani. Ukutani palikuwa na kadi yenye alama kama vichwa vya reki. Anayepimwa alitakiwa kusema meno yameelekea wapi.

"Juu, kulia, chini, kulia, kushoto," Guka alikariri kama mtoto wa chekechea, mpaka mkubwa wa mwisho akashuka jukwaani.

Ndani, muuguzi aliyeitwa Sista Chepkosgei alimkalisha kitini, Wangui akiwa kando yake na foleni ikichungulia mlangoni. "Haya, mzee, tuanze..."

"Juu!" Guka alinguruma. "Kulia! Chini! Kulia! Kushoto! Na mwenyekiti angekuwa na macho kama haya, angesoma malalamiko yetu!"

Sista alikohoa. "Umejibu vizuri sana, mzee. Lakini kadi ninayo hapa mkononi, naipangusa vumbi. Huo ni ukuta."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Serikali gani hii yenye kadi moja?" Guka alifoka. "Mke wangu, hebu waambie kama naona!"

Wangui alifungua mdomo adanganye. Machozi yakatangulia.

"Haoni, Sista. Kahawa mbichi huwa nazitoa mimi. Nisamehe, Guka. Nimechoka kuficha. Nikiwa shuleni naogopa utatumbukia kisimani."

Kicheko kikakatika. Guka alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Wangui.

"Mbichi ni nyingi?"

"Nusu kikapu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba, Guka."

Sista alimpima vizuri, kisha akampigia Maina simu. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibiwa na presha ya macho; halingeona tena. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na presha ilikuwa imeanza kuligusa; lilipasuliwa Nakuru. Maina hakumwanika kwenye roshani. Alimrudisha nyumbani baada ya wiki moja, Guka akilalamikia chai ya mjini.

Kwanza aliitazama picha ya nyanya, muda mrefu. Kisha akatazama miguu yake.

"Wangui! Kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia! Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Guka alicheka mpaka dawa ya jicho ikamtiririka shavuni. Alipotulia, alimketisha Wangui karibu naye.

"Wakubwa wana makosa yao, na kesho nitaendelea kuyataja. Lakini kuficha ugonjwa lilikuwa kosa langu, na mzigo wake nilikubebesha wewe. Mtu mzima akikupa siri inayokunyima usingizi, mwambie mtu mzima mwingine. Huko si kumsaliti. Ungenyamaza siku ile, hata jicho hili moja lingepotea."

Jumamosi iliyofuata walirudi shambani. Safari hii Wangui hakufuata nyuma. Alitembea upande wa kushoto wa babu yake, ule usioona, nao wakaimba pamoja.