Nyumba ya Mke Mkubwa

Harufu ya moshi ndiyo iliyoanza. Wakoli, mlinzi wa makumbusho, alikuwa amemwambia Lornah getini kwamba humo ndani hamjawahi kupikwa hata chai.

Lilikuwa boma zima la wakulima wa kwanza wa milimani, lililohamishwa na kujengwa upya karibu na Awasi: zizi, maghala na nyumba ya mke mkubwa. Watu wa Kisumu walikuja Jumapili kushangaa majembe ya babu zao. Lornah alikuja Jumanne, peke yake. Mumewe alizikwa Machi mwaka huo wa 1988, na mjane ambaye hajafanyiwa mila ya kumaliza maombolezo haingii nyumba ya mtu. Kwa miezi mitano majirani wa Kaloleni walimletea chai nje. Upweke ulimtafuna, jamani. Akajiambia, nyumba hii haina mwenyewe, nitamkosea nani?

Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Aliingia nyumba ya mke mkubwa, akaketi kwenye kigoda. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Bed piny, nyathina," sauti ya mwanamke mzee ilinong'ona nyuma ya mtungi. "Kaa, mwanangu. Nani anakuongelesha siku hizi?"

Alitaka kukimbia lakini alibaki ameketi, na sauti ikaendelea kumuuliza taratibu, mumewe alikufaje, alilala upande gani wa kitanda, nani humsikia akilia, na kwa kila jibu alilonong'ona Lornah, baridi ilimsogelea hatua moja, mpaka ikatulia begani pake.

"Mama!" Wakoli aliita nje. "Tunafunga! Unaongea na nani huko?"

Wiki hiyo jirani yake Aoko alisikia wanawake wawili wakizungumza kwa Lornah, akamleta Nasipwondi, mwombezi aliyezoea kufukuza majini. Mwombezi aligoma kuvuka kizingiti.

"Kuna mtu humo, na si wa leo," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamtoa, lakini lazima wewe mwenyewe useme aende. Usiposema, hata mila ikifanywa hatakuachilia uingie kwa watu tena. Utakuwa wake."

"Lornah, sema basi!" Aoko alilia. Naye alikuwa amesimama nje.

Lornah aliwatazama wote wawili, nje ya kizingiti chake.

"Hakuna mtu hapa," alisema.

Akafunga mlango kwa komeo, akaketi kwenye benchi, kisha akasogea kidogo ili mwenzake apate nafasi.